Gauni Lililobaki Kazini

Ipo nchi ambayo ramani yake ilipelekwa kupigwa muhuri na mpaka leo haijarudi, kwa hiyo sitaweza kukuonyesha ilipo. Watu wake ni wapole, wanapenda shughuli, na kila asubuhi humshukuru Mungu kwa kuwaamsha na Serikali kwa kuwaruhusu kulala. Nchi hiyo haina rais wala mfalme. Ina Mgeni Rasmi wa Kudumu.

Jambo lenyewe lilianza vizuri tu. Mtu yule alialikwa siku moja kuzindua daraja, akaketi kiti cha mbele, akawekewa maji ya chupa na maua ya plastiki, na baadaye hakutokea mwenye ujasiri wa kumwambia kwamba shughuli imekwisha. Tangu hapo amekaa. Na kwa kuwa ni mgeni, hakuna awezaye kumlaumu kwa paa linalovuja. Katika hotuba zake huwaita wananchi "wenyeji wangu wapendwa," na akiambiwa kwamba hospitali hazina dawa, hutikisa kichwa kwa huzuni ya kweli na kusema, "Poleni sana, wenyeji. Mimi nimepita tu."

Katika nchi hiyo aliishi mshonaji mmoja mjane, jina lake Anasia, mwenye cherehani ya kukanyaga kwa mguu kwenye kibaraza kilichotazamana na kanisa. Alikuwa mtu wa sala. Alisali kabla ya kutunga uzi na alisali baada ya kuukata, na wateja wake walizoea kusubiri hadi aseme amina ndipo waulize nguo yao. Alikuwa akimlea mjukuu wake Sifuni, mtoto wa binti yake Aikande. Aikande mwenyewe hakuwapo. Kwa maneno ya familia, alikuwa amekufa. Kwa maneno ya Serikali, alikuwa ametoka kidogo.

*

Ilikuwa hivi. Aikande alikuwa na miaka kumi na tisa, na Sifuni ana miezi mitano, Serikali ilipotangaza Sherehe Kuu ya Kumshukuru Mgeni Rasmi kwa Kukubali Kuja. Walitakiwa wasichana mia moja na ishirini wa urefu unaolingana, wapangwe uwanjani wakiwa wamevaa magauni marefu meupe ya satini, yenye mikono mirefu, vifungo thelathini na viwili mgongoni na kola ya kufika kidevuni. Waraka ulieleza kwamba kola ni ndefu ili kichwa cha mwananchi kisiiname.

Kila familia ilishona la kwake. Anasia alilishona la binti yake kwa siku tisa. Vifungo alivivika kitambaa kimoja kimoja kwa mkono, na kila kifungo alikiombea sala fupi, maana aliamini kwamba heshima kubwa imeingia nyumbani kwao. Aikande alipewa namba sabini na nne.

Saa nne asubuhi Mgeni Rasmi alifika, akasogea kwenye kipaza sauti, akasema, "Natamka kwamba sherehe hii imefunguliwa rasmi." Mizinga ikapigwa. Kisha akaenda kunywa chai nyuma ya jukwaa. Itifaki ya nchi hiyo iko wazi: aliyefungua ndiye anayefunga, na kati ya kufungua na kufunga hakuna mwenye namba anayeketi, anayekunywa maji wala anayeondoka. Chai ilikuwa nzuri. Baada ya chai palikuwa na usingizi. Baada ya usingizi palikuwa na mlango wa nyuma.

Kufika saa nane, nyasi za uwanja zilikuwa zinanuka kama zimekaangwa. Anasia alikuwa nyuma ya kamba, mtoto mgongoni. Aikande alimtafuta kwa macho mpaka akampata. Midomo yake ilikuwa imepauka kama iliyopakwa unga. Akatikisa kichwa kidogo, kwa namna ya mtu anayeuliza. Na Anasia, Mungu ni shahidi, alidhani zimebaki dakika chache. Akainua kidevu chake mwenyewe kwa kidole, kumwonyesha: inua kichwa, mwanangu, simama wima.

Aikande akainua. Alikuwa binti msikivu.

Muda si mrefu mtoto akalia, Anasia akageuka kumweka sawa mgongoni, na nyuma yake akamsikia mshereheshaji akipaza sauti: "Makofi mengi kwa binti aliyeinama kwa heshima ya kipekee!" Uwanja mzima ukapiga makofi. Anasia naye alipiga makofi mawili kabla hajatazama na kuona ni nani aliyelala kwenye nyasi.

Jioni mwili uliletwa umefungwa kwa kitambaa cha meza ya wageni. Gauni halikuletwa.

"Gauni liko kazini, mama," aliambiwa kwa upole mwingi. "Sherehe haijafungwa."

Baada ya mazishi maofisa walikuja pia kuchukua picha zote alizowahi kupigwa Aikande na kila kitu alichokuwa nacho, kwa kuwa mtu aliye kwenye gwaride hapaswi kuonekana mahali pengine. Na katika daftari la mahudhurio, mbele ya namba sabini na nne, karani mwenye mwandiko mzuri aliandika: *Ametoka kidogo.*

*

Miaka minane ikapita na sherehe ikiendelea. Wasichana mia moja na kumi na tisa waliruhusiwa kwenda nyumbani kwa mapumziko mafupi, wakaolewa, wakazaa. Magauni yalihifadhiwa katika Ghala la Mavazi Yaliyo Kazini, na bendera za uwanjani zilibadilishwa kila zilipochakaa.

Ndipo siku moja mke wa Mgeni Rasmi akajaribu kufunga kabati lake la nne, likakataa. Wiki iliyofuata taifa zima liliitwa kwenye redio.

"Wenyeji wangu wapendwa," alisema Mgeni Rasmi, na sauti yake ilitetemeka, "nimegundua msiba ndani ya nchi yenu. Makabati yenu yamejaa magauni rasmi yaliyokufa yangali mabichi. Gauni limekwenda shughuli moja tu, likatundikwa, likasahauliwa! Tutaitwaje taifa lenye utu, ikiwa magauni yetu yanaishi mara moja? Kuanzia leo kila gauni rasmi lina haki ya kuishi mara ya pili."

Watu wakashangilia. Mzee mmoja aliuliza kama haki hiyo inawahusu na watu, akapelekwa kupumzika.

Ikaundwa Wizara ya Uhai wa Pili, na kazi ikaanza mara moja. Gauni la mke wa Waziri wa Maji lilifanywa turubai la kufunika pampu ambayo haikuwahi kutoa maji, na kwa mara ya kwanza pampu ile ilipendeza. Gauni la harusi la mke wa mkuu wa mkoa mmoja lilizinduliwa kuwa zahanati. Mvua ikinyesha, wagonjwa watatu waliweza kujibanza chini yake bila kulowa, wanne kama ni wembamba.

Sifuni aliisikia hotuba ile akiwa anachagua maharage na bibi yake.

"Bibi, na gauni la mama?"

"Limefanya nini?"

"Si nalo limekwenda shughuli moja tu? Basi lina haki. Waombe wakupe, ulikate, unishonee mimi."

"Una nguo mbili za kanisani, mtoto wewe."

"Hizo ni zangu. Mimi nataka ya mama." Akaendelea kutoa mawe kwenye maharage. "Yusta ana kitana cha mama yake. Efrata ana kanga. Mimi sina kitu ambacho mama alikishika. Hata picha sina. Nikifumba macho simwoni, Bibi, naona nyasi tu, kama ulivyonisimulia."

Anasia aliweka ungo chini. Kweli, katika nyumba ile haikuwapo hata leso ya Aikande. Alipiga magoti palepale sakafuni, kati ya maganda, na akaomba kitu kimoja: mita nne za satini.

*

Dirisha namba nne la Wizara lilikuwa la Bwana Kitundu, Ofisa Mpokezi Msaidizi Mwandamizi, kijana mwenye adabu, aliyevaa tai iliyotokana na gauni la msimamizi wa harusi, rangi ya waridi, bado ina lesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba gauni la marehemu binti yangu, nimshonee mjukuu wangu."

"Vizuri sana, mama! Wewe ndiye mwananchi tunayemtafuta. Wengi wanaleta magauni, hawaleti sababu." Akatoa fomu ndefu kama kanga isiyokatwa. "Kwanza, cheti cha Kamati ya Kuthibitisha Kwamba Gauni Limechoka. Halafu vipimo vya mvaaji mpya. Hivyo lazima vilingane na mwili wake siku ya kukata. Vikizidi nusu inchi, maombi yanaanza upya. Ni kuzuia ulaghai."

"Nimempima leo asubuhi."

"Hongera. Na hapa, sehemu ya saba: shughuli ambayo gauni lilihudhuria ilifungwa lini?"

Anasia akamweleza. Bwana Kitundu aliweka kalamu chini, akalegeza tai.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "hiyo haijafungwa."

"Najua."

"Sasa gauni ambalo halijamaliza uhai wa kwanza tutalipaje wa pili?"

"Mwanangu, aliyelivaa amemaliza wa kwake."

Bwana Kitundu aliinamisha macho, maana hakuwa mtu mbaya. Akaandika pembeni mwa fomu, *Iombewe ufafanuzi*, akalisukuma faili kwenye masijala kama mtu anayeachia mtumbwi bila kasia.

Ufafanuzi ulichukua miezi kumi na minne. Ulipotoka ulisema kwamba swali ni zuri. Kwa wakati huo Sifuni alikuwa amerefuka inchi tatu.

"Mtoto amelizidi faili," alisema Bwana Kitundu kwa masikitiko. "Tuanze upya."

Wakaanza upya. Anasia akampima tena: bega, kifua, kiuno, urefu. Faili likapanda ghorofani, likashuka, likapotea, likapatikana chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba, na meza ikakataa kulitoa bila kibali. Liliporudi, Sifuni alikuwa amepata kiuno. Safari ya nne Wizara ilianza kuingiwa na shaka.

"Mama, usinielewe vibaya," alisema Bwana Kitundu. "Wakubwa wanauliza: huyu mtoto anakua kwa kibali cha nani?"

"Nimwambieje asikue, mwanangu?"

"Mweleze tu kwa upole. Asubiri faili lirudi."

Watu kwenye foleni walicheka, na Anasia alicheka nao, kwa kuwa alikuwa amechoka. Lakini njiani kurudi nyumbani alijikuta akitembea polepole, kama vile akichelewa kufika mtoto naye atachelewa kukua. Alimwomba Mungu msamaha kwa wazo hilo.

Sifuni alipokea kipaimara akiwa na miaka kumi na minne, amevaa gauni la kuazima ambalo mikono yake iliishia juu kidogo ya viganja. Wakati wenzake wakipigwa picha na mama zao, alisimama karibu na mlango wa kanisa akizivuta zile ncha za mikono, akizivuta, akizivuta. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, Anasia hakusema amina. Alikaa tu kwenye benchi na kumwambia Mungu: "Bwana, nimekuomba kitambaa. Sikukuomba binti, nilijua hutanirudishia. Nimekuomba kitambaa."

*

Mwaka wa kumi na sita wa sherehe, Bwana Kitundu alikuja mwenyewe kibarazani, anatokwa na jasho, faili amelikumbatia kama mtoto.

"Mama Aikande, pokea baraka! Sherehe inafungwa!"

Cherehani ikasimama.

"Takwimu ndizo zilizotuokoa," alisema, akijifuta uso kwa tai. "Tumetangazia dunia kwamba magauni yote ya nchi hii yameshapata uhai wa pili. Dunia ikauliza, na yale mia moja na ishirini? Aibu! Mgeni Rasmi amekubali kurudi uwanjani kufunga. Jumamosi, saa nne. Ikishafungwa, gauni ni lenu siku hiyo hiyo. Kata, shona, fanya utakalo."

Anasia aliushika ukingo wa cherehani. Sifuni, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na sita, alitoka ndani akiwa na unga mikononi.

"Ila kuna kitu kidogo," alisema Bwana Kitundu. "Waliofungua ndio wafunge. Hesabu lazima itimie mia moja na ishirini. Wote tumewapata, isipokuwa namba sabini na nne, aliyetoka kidogo."

"Mwanangu Kitundu," alisema Anasia taratibu, "wewe si mtoto wa mtaa wa tatu hapo? Hukuja kwenye mazishi yake?"

"Nilikuja, mama. Nililia sana. Lakini nilikuja kama mtu binafsi."

Kisha Bwana Kitundu akatoa futi mfukoni, akamwomba Sifuni asimame wima. Akapima bega, akatazama faili. Akapima kifua, kiuno, urefu.

"Mama. Halihitaji kukatwa hata nukta. Ni yeye! Yaani, vipimo ni vyake."

Ni kweli. Walikuwa wamezungushwa miaka mingi kiasi kwamba mtoto alikuwa amelifikia gauni kwa miguu yake mwenyewe.

"Asimame tu mahali pa mama yake," alisema ofisa. "Hotuba ya kufunga ni sentensi moja. Dakika kumi."

"Hapana," alisema Anasia.

"Bibi!"

"Nimesema hapana, Sifuni. Uwanja ule naujua."

"Dakika kumi, Bibi! Nimengoja miaka minane kwa dakika kumi!" Macho yake yalijaa machozi. "Wewe ulimshika, ulimnyonyesha, ulimshonea. Mimi niache nivae tu."

Anasia aliomba siku tatu bila kula mchana. Mbinguni hapakusema neno. Akauchukua ukimya ule kuwa ni ruhusa, jambo ambalo Serikali ilikuwa imemfundisha.

*

Jumamosi walikwenda ghalani kumvika. Kila mwaka, kabla ya ukaguzi, magauni yale yalikuwa yakipigwa wanga upya juu ya wanga wa zamani, miaka kumi na sita mfululizo, mpaka hayakuhitaji tena kutundikwa. Yalisimama yenyewe sakafuni, safu kwa safu, mikono imekunjama kidogo, kama watu waliokuwa wanazungumza wakasikia mlango.

Wale wasichana wa zamani walikuwa wamekuja. Sasa ni akina mama wenye miili yao, na magauni hayakufungika mgongoni. Walifungana kwa kamba za katani, wakitaniana.

"Mwenzangu, ingiza pumzi!"

"Niliingiza nikiwa kidato cha tatu, sijaitoa hadi leo!"

Sifuni alipotokea, utani ukakatika. Mmoja wao alikaa chini na kufunika uso. Alikuwa namba sabini na tatu.

Anasia alifunga vifungo vyote thelathini na viwili. Kabla ya kufunga cha juu aliingiza uso ndani ya kola, akatafuta harufu ya binti yake. Palinuka wanga na dawa ya mende.

"Unamnusa, Bibi?" aliuliza Sifuni bila kugeuka, maana kola haikumruhusu.

"Ndiyo, mwanangu," alisema Anasia. Mungu amsamehe uongo huo.

Saa nne ikafika. Mshereheshaji akatangaza kwamba Mgeni Rasmi yuko njiani. Saa tano akatangaza kwamba bado yuko njiani, na kwamba njia imefurahi sana. Saa sita msafara ulirudi kuchukua miwani. Saa saba ulirudi kurudisha miwani, kwa kuwa haikuwa ya kwake. Watu wakapiga makofi kila tangazo, ili kupata upepo.

Kufika saa nane uwanja ulinuka kukaangwa. Anasia alisimama nyuma ya kamba, Bwana Kitundu pembeni yake akiwa na daftari la mahudhurio. Sifuni alikuwa hatembezi macho. Alitazama mbele kama alivyoagizwa. Kisha akaanza kuyumba, kidogo sana, kiasi ambacho ni mshonaji tu angekiona kwa jinsi pindo lilivyogusa nyasi, likaacha, likagusa. Akamtafuta bibi yake. Akampata. Midomo yake ilikuwa imepauka. Akatikisa kichwa, kwa namna ya mtu anayeuliza.

Anasia aliinua kamba.

"Mama!" Bwana Kitundu akamshika kiwiko. "Mama, nakusihi. Ukimtoa hesabu inavunjika. Haitafungwa tena, hutalipata tena lile gauni maishani mwako. Amebakiza kidogo tu!"

"Ndivyo nilivyosema mimi," alisema Anasia.

Akavuka. Askari walikuwa na amri ya kumzuia yeyote atakayeingia uwanjani kufanya fujo, lakini bibi anayetembea polepole na kanga mkononi hakuwamo kwenye amri, wakatazamana. Alipita namba sabini, sabini na moja, sabini na mbili. Sabini na tatu alinong'ona bila kusogeza midomo, "Mtoe, mama. Mtoe haraka."

"Bibi, naona giza," alisema Sifuni. "Lakini naweza. Nina nguvu."

"Najua unaweza. Hata yeye aliweza."

Akaanza kufungua vifungo. Alivifahamu kwa vidole vyote, hiki kilichovikwa siku ya Jumanne, hiki kilichomchoma. Thelathini na viwili. Alivuta mikono ya mtoto ndani ya mikono ya gauni, mmoja, na mwingine. Sifuni akachutama, akatoka chini ya pindo kama kifaranga anavyoacha ganda, na Anasia akamdaka, akamzungushia kanga juu ya shimizi iliyolowa jasho.

Gauni halikuanguka. Lilibaki limesimama kati ya sabini na tatu na sabini na tano, kola juu, mikono imekunjama, limetazama jukwaa. Anasia aliligusa bega mara moja tu, kama mtu anayemgusa aliyelala bila kutaka kumwamsha. Angeweza kulibeba. Lakini alikuwa na mikono miwili, na yote ilikuwa imemshika mtoto.

Mkuu wa Itifaki alikuja mbio akipitia safu, kwa kuwa king'ora cha msafara kilikuwa kimesikika. "Hesabu! Namba sabini na nne?"

Bwana Kitundu alilitazama gauni. Aliwatazama wale wawili waliokuwa wakielekea lango la nyuma, mmoja amemwegemea mwenzake. Akalamba ncha ya kalamu.

"Yupo, Mheshimiwa."

Walikuwa wamefika langoni Mgeni Rasmi alipopanda jukwaani. Sauti yake iliwafuata kwa vipaza sauti vyote vya uwanja.

"Wenyeji wangu wapendwa! Nimeangalia safu zenu, na macho yangu yamesimama kwa binti mmoja. Yule pale. Wengine mnayumba, mnajifuta, mnatazama saa. Yeye hatikisiki. Hatoki jasho. Haombi maji. Huyo ndiye mwananchi! Nilikuja kufunga, lakini nawauliza: sherehe yenye binti wa namna hii, nani atakuwa na moyo wa kuifunga?"

Mizinga ikapigwa.

Nyumba ya kwanza nje ya uwanja ilikuwa ya mama muuza maandazi. Alimwona Sifuni alivyo, akaleta maji kwenye jagi la plastiki na kigoda. Sifuni alikunywa akishika jagi kwa mikono miwili, maji yakimtiririka shingoni, mahali ambapo kola ilikuwa imeacha alama nyekundu. Anasia alipiga magoti mbele yake kwenye vumbi. Midomo yake ilikuwa inacheza lakini sala haikutoka. Alikuwa anatazama tu koo la mtoto likipanda na kushuka, likipanda na kushuka.

"Bibi," alisema Sifuni, akishusha jagi. Alianza kulia. "Gauni la mama."

"Kunywa."

"Hatulipati tena, sivyo?"

"Hatulipati. Kunywa, mwanangu. Kunywa yote."